JE, KIPIMO KINASEMA KWELI?



Mama mmoja alitufikia akiwa na majonzi makubwa. Mwezi uliotangulia mtoto wake alipimwa uzito, akaonekana ana kilo 9.2. Mwezi uliofuata alimpeleka kliniki nyingine iliyokuwa karibu zaidi na kwao, na mizani ikaonyesha kilo 8.6. Akaambiwa mbele ya akina mama wenzake kwamba mtoto anapungua kwa sababu hamlishi vizuri. Nyumbani baba wa mtoto naye akaanza kuuliza maswali makali, na bibi akasema mtoto apelekwe kwa mganga wa kienyeji.

Tulimtazama mtoto huyo. Alikuwa mchangamfu, ananyonya, anakula uji, na mwili wake umejaa. Tukampima katika mizani tuliyokuwa tumeikagua asubuhi ile ile. Alikuwa na kilo 9.4. Baadaye mhudumu wa kliniki ile ya pili aliitazama mizani yake, akakuta kwamba ikiwa tupu mshale ulisimama chini ya sifuri. Aliirekebisha siku hiyo hiyo. Lakini kabla ya hapo mama yule alikuwa amelia siku tatu, na watoto wengine wengi walikuwa wameandikiwa uzito usio wao.

Kisa hiki kimetufanya tuzungumze nanyi mwezi huu juu ya vyombo vya kupimia. Mkulima anayepeleka kahawa au pamba kuuza hutazama mshale wa mizani kabla gunia halijawekwa. Asipoona sifuri, anagoma. Tena mizani za biashara zina wakaguzi wake. Kwa Tanzania kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo. Lakini mkulima huyo huyo akiwa zahanati, au akiwa na kipimajoto mkononi nyumbani, hupokea namba yoyote anayopewa bila swali. Hapo ndipo tunapokosea. Kila chombo cha kupimia kina uwezo wake na udhaifu wake, na anayekitumia hana budi kuvijua vyote viwili.

AINA ZA VYOMBO VYA KUPIMIA

Vyombo tunavyovitumia katika afya tunaweza kuvigawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni vyombo rahisi visivyo na mashine ndani yake: utepe wa kupimia mkono wa mtoto, kijiko cha dawa, bomba la sindano lisilo na sindano, chupa yenye alama. Hivi haviharibiki upesi. Makosa yake mengi hutoka kwa mtumiaji.

Kundi la pili ni vyombo vya mshale au vya zebaki: mizani ya kuning'iniza watoto, mashine ya presha yenye saa ya duara, kipimajoto cha kioo. Hapa ni macho yetu yanayosoma. Ukitazama mshale kutoka upande badala ya kuutazama moja kwa moja kutoka mbele, utasoma namba nyingine kabisa.

Kundi la tatu ni vyombo vya umeme au betri vinavyoandika tarakimu. Watu wengi huviamini zaidi kwa sababu namba inatokea yenyewe. Tunapenda kuwaonya hapa: tarakimu zilizo wazi si lazima ziwe tarakimu za kweli. Chombo cha betri chenye kasoro huandika namba ya uongo kwa herufi nzuri zile zile.

SIFA SITA ZA KUANGALIA

1. Usahihi. Je, jibu la chombo liko karibu na ukweli kiasi gani? Ukiweka jiwe la mizani la kilo 5, yaonyesha kilo 5?

2. Kutoyumba. Je, ukipima kitu kile kile mara tatu, unapata jibu lile lile? Hii si sawa na usahihi. Tuseme mtoto ana kilo 9.4. Mizani ya kwanza inasema 8.6, kisha 8.6, kisha 8.6. Hiyo haiyumbi, lakini inasema uongo ule ule kila mara. Mizani ya pili inasema 9.0, kisha 9.8, kisha 9.4. Hiyo inazunguka karibu na ukweli, lakini ukipima mara moja tu huwezi kujua uko wapi. Ya kwanza kwa kawaida hurekebishwa kwa kuirudisha sifuri. Ya pili mara nyingi huhitaji fundi.

3. Udogo wa alama. Mizani ya kuning'iniza inayotumika sana katika kliniki za watoto hupima hadi kilo 25, na kila alama ndogo ni gramu 100. Hiyo yatosha kwa mtoto anayekua. Lakini mizani ya kusimama ya watu wazima, yenye alama za nusu kilo au kilo nzima, haifai kwa mtoto mchanga. Mtoto anayezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu na huhitaji uangalizi wa pekee. Mizani hiyo haiwezi kutofautisha mtoto wa kilo 2.3 na wa kilo 2.6.

4. Mipaka. Kila chombo kina mwanzo na mwisho wake. Kipimajoto cha kawaida cha kioo huanzia nyuzi 35 hadi 42 za Sentigredi. Mtoto mchanga aliyepoa sana, mwenye nyuzi 33, hawezi kuonekana katika kipimajoto hicho, kwa maana hakina alama za chini ya 35. Ukiona zebaki imebaki pale chini kabisa, usiseme "hana homa, yuko salama." Huenda amepoa kupita kiasi. Mkumbatie kifuani, ngozi kwa ngozi, mfunike, mnyonyeshe, na mkimbilie kituo cha afya.

5. Muda wa kujibu. Kuna vyombo vinavyojibu mara moja na vingine vinavyohitaji kusubiriwa. Ukiondoa kabla ya wakati, umesoma jibu la nusu.

6. Kudumu katika ukweli. Chombo kilichokuwa sahihi kilipofika kinaweza kuanza kupotoka polepole. Springi huchoka, saa ya mashine ya presha huanguka sakafuni, betri huisha nguvu, vijiti vya kupimia sukari huharibiwa na joto na unyevunyevu. Ndiyo maana kukagua mara moja hakutoshi.

Sasa tuvitazame vyombo vichache kimoja kimoja.

MIZANI YA WATOTO

Kabla ya mtoto kuwekwa, mizani iwe na kisuruali au kikapu chake, kisha mshale urudishwe sifuri. Mtoto avuliwe nguo nzito na viatu. Asiguswe wala asishike kitu. Mhudumu asubiri mshale utulie, asome akiwa amesimama mbele yake, macho yakiwa sawa na mshale.

Uzito wa mtoto si wa kujaza kadi tu. Dawa nyingi hutolewa kwa uzito. Dawa ya mseto ya malaria, kwa mfano, hutolewa kidonge kimoja kila mara kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, na vidonge viwili kwa wa kilo 15 hadi chini ya 25. Mtoto wa kilo 15.2 akipimwa kwa mizani inayopunguza nusu kilo, ataandikiwa nusu ya dawa anayostahili. Malaria inaweza kumrudia, na wazazi watasema dawa haifai.

Tena kumbukeni jambo hili. Mizani iliyomtisha yule mama ilimletea machozi, lakini walau ilimfanya atafute msaada. Mizani inayoongeza uzito ni ya hatari zaidi, kwa sababu humficha mtoto anayedhoofika. Hakuna anayelia, hakuna anayeuliza, mpaka hali iwe mbaya.

UTEPE WA MKONO

Utepe huu wa rangi tatu hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Kijani ni sentimita 12.5 na zaidi. Njano ni kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5. Nyekundu ni chini ya 11.5, na hiyo ni dalili ya utapiamlo mkali. Mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiukaza sana utepe, mtoto ataonekana amekonda kuliko alivyo. Ukiulegeza, utamficha aliyekonda. Utepe uguse ngozi bila kuibana.

Uzuri wa utepe ni kwamba hauna springi wala betri, na hata mama mwenyewe anaweza kufundishwa kuutumia. Pale mizani inapotia mashaka, utepe ni shahidi wa pili.

KIPIMAJOTO

Zamani vipimajoto vya wagonjwa vilikuwa virefu kama futi moja na vilihitaji dakika 20 hivi. Mwaka 1866 daktari Mwingereza, Thomas Clifford Allbutt, alitengeneza kifupi cha inchi 6 kilichojibu kwa dakika 5. Tangu hapo kipimajoto kikaingia katika kazi ya kila siku ya daktari.

Cha kioo kinahitaji kukung'utwa mpaka zebaki ishuke chini ya alama ya 35, kisha kikae kwapani dakika 5 kamili, mkono ukiwa umebanwa. Ukisahau kukikung'uta, utasoma homa ya mgonjwa wa jana. Cha betri hulia kikiwa tayari. Kwapani, nyuzi 37.5 na zaidi huhesabiwa kuwa homa.

Vipimajoto vya kuelekezwa kwenye paji la uso, ambavyo wengi wetu tuliviona milangoni wakati wa ugonjwa wa Korona mwaka 2020, havipimi joto la ndani ya mwili. Vinapima joto linalotoka kwenye ngozi, kisha vinakadiria. Mtu aliyetoka juani anaweza kuonekana ana homa, na mwenye jasho kuonekana amepoa. Mgonjwa akae kivulini kwanza, afutwe jasho, ndipo apimwe.

Nchi nyingi zimekubaliana kuacha vyombo vya zebaki kwa sababu zebaki ni sumu. Mkataba wa Minamata ulianza kutumika mwaka 2017. Kama bado una kipimajoto cha zebaki na kikavunjika, ondoa watoto, fungua madirisha, usifagie kwa ufagio, usiguse kwa mkono mtupu. Kusanya matone kwa karatasi ngumu, weka katika chupa yenye kifuniko, na uliza kituo cha afya pa kuipeleka. Usiitupe chooni.

MASHINE YA PRESHA

Mkanda wa kujazwa hewa ulibuniwa na Mwitalia Scipione Riva-Rocci mwaka 1896. Mwaka 1905 daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, alieleza jinsi ya kusikiliza mshipa chini ya mkanda huo. Njia hiyo inatumika mpaka leo. Mashine za betri hazisikilizi. Zinahisi mtikisiko wa mshipa na kukadiria. Kwa mtu ambaye moyo wake haupigi kwa mpangilio, zinaweza kukosea, hivyo apimwe zaidi ya mara moja.

Kosa kubwa ni mkanda usiolingana na mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba huonyesha ya chini. Mwenye mkono mnene ana haki ya kuuliza kwa heshima, "Mganga, hakuna mkanda mkubwa zaidi?"

Makosa mengine ni yetu wenyewe. Tumetembea kilomita tano, tumefika tunahema, tumekunywa kahawa njiani, tunazungumza na jirani huku mashine inafanya kazi. Pumzika walau dakika 5. Keti, egemea kiti, miguu iguse sakafu, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Nenda haja ndogo kwanza. Nyamaza.

Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikipatikana katika siku mbalimbali, ndiyo huhesabiwa kuwa ugonjwa. Mtu asianzishiwe wala kuacha dawa kwa kipimo kimoja tu cha haraka. Lakini mama mjamzito asisubiri siku nyingine. Akiwa na 140 kwa 90 au zaidi, au akiumwa kichwa sana, akiona maluweluwe, au akivimba uso, apelekwe hospitali mara moja, kwa maana kifafa cha mimba huua.

KIPIMO CHA SUKARI

Wagonjwa wa kisukari wengi sasa wanacho nyumbani. Fahamuni kwamba hata kikiwa kizima, kinaruhusiwa kukosea kidogo. Kwa kanuni ya kimataifa ya mwaka 2013, sukari ikiwa 5.6 au zaidi, walau majibu 95 katika kila 100 yawe ndani ya asilimia 15 ya ukweli. Maana yake, mtu mwenye sukari 10 anaweza kusoma 8.5 au 11.5. Kwa hiyo aliyesoma 9.8 jana na 10.6 leo asifadhaike. Huenda hakuna kilichobadilika. Kinachotazamwa ni mwenendo wa siku nyingi, ulioandikwa katika daftari.

Nawa mikono kwa sabuni na ukauke kabla ya kujichoma. Vidole vilivyomenya embe huongeza sukari ambayo haimo katika damu. Funga kopo la vijiti mara moja, liweke mbali na jua na jiko, na tazama tarehe ya mwisho. Ukiona mgonjwa anatetemeka, anatoka jasho la baridi au anasema ovyo, usibishane na mashine. Kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari, kisha mpeleke hospitali.

KIPIMO CHA OKSIJENI CHA KIDOLENI

Chombo hiki hupitisha mwanga katika kidole. Kwa kawaida mtu mwenye afya husoma 95 hadi 100. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walitoa matokeo katika jarida la New England Journal of Medicine. Waliwachunguza wagonjwa ambao kipimo kiliwaonyesha 92 hadi 96. Damu ilipopimwa maabara, karibu 12 katika kila 100 ya wagonjwa weusi walikuwa na oksijeni chini ya 88, wakati kwa weupe walikuwa karibu 4. Kwa maneno mengine, chombo hiki kinaweza kutudanganya sisi wenye ngozi nyeusi kwa kutupa namba nzuri kuliko hali yetu. Hina na rangi ya kucha navyo huvuruga. Basi mtoto anayepumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani, ni mgonjwa mahututi hata kama kidole kinasema 95.

KIJIKO NA CHUPA

Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Kimoja kinaweza kubeba maradufu ya kingine. Kijiko cha dawa maana yake ni mililita 5. Dawa ya maji ya paracetamol mara nyingi ina miligramu 120 katika mililita 5, lakini nyingine ina 250. Mzazi anayetumia kijiko kikubwa, tena bila kusoma chupa, anaweza kumpa mtoto dawa mara mbili au nne ya kipimo chake, na paracetamol ikizidi huharibu ini. Tumia kijiko au kikombe kilichokuja na dawa, au omba bomba la sindano lisilo na sindano.

Pakiti ya chumvichumvi ya kuharisha huchanganywa na lita moja ya maji safi, si zaidi wala pungufu. Nyumbani tumia chupa mbili za nusu lita zilizooshwa vizuri. Maji yakipungua, chumvi huzidi na inaweza kumdhuru mtoto. Maji yakizidi, dawa haina nguvu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kila unapopima au kupimwa, jiulize maswali haya matano:
1. Je, kimeanzia sifuri?
2. Je, ni cha ukubwa na mipaka inayonifaa?
3. Je, kimepewa muda wake?
4. Je, kikipima tena kinasema vilevile?
5. Je, namba hii inalingana na mgonjwa ninayemwona?

Katika jumuiya zenu mnaweza kuweka jiwe moja la mizani la kilo 5 lililothibitishwa, na kuomba kwamba mizani ya kliniki ikaguliwe nalo kabla ya watoto kuanza kupimwa. Ni jambo dogo. Wahudumu wengi watalifurahia, maana nao hawapendi kuandika uongo katika kadi ya mtoto. Ulizeni kwa upole, wala msiwaaibishe.

Yule mama tuliyeanza naye alirudi kwao na kadi iliyosahihishwa. Alimwonyesha mumewe mstari unaopanda. Mwezi uliofuata baba ndiye aliyembeba mtoto kwenda kliniki, na tuliambiwa kwamba alipofika, kitu cha kwanza alichofanya ni kuinama na kutazama kama mshale uko kwenye sifuri.